Kutafuta vijenzi na nyaraka za kuunda kiolesura chako cha kompyuta: mwongozo kamili

Wengi wanaotaka kujitengenezea kibodi, kisanduku cha vitufe au kifaa cha kuingiza data za vihisi kwenye kompyuta hawakwami kwenye kulehemu. Hukwama mapema zaidi. Chipu wameshainunua lakini maelezo yake ni kurasa mbili tu, au maelezo wanayo yote ila chipu yenyewe iliacha kutengenezwa zamani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nyaraka ni sehemu ya kijenzi. Chipu isiyo na nyaraka kamili naihesabu kuwa haipo, hata kama imejaa madukani kwa bei ya kutupa.

Tuchukue mradi mmoja na kwenda nao hatua kwa hatua: kisanduku cha kuendeshea kompyuta kwa mtu ambaye vidole vyake havina nguvu. Kina vitufe vikubwa vinane, nobu moja ya kuzungusha ambayo pia inabonyezeka, taa mbili ndogo, na matundu mawili ya 3.5 mm ya kuchomeka swichi za nje. Swichi nyingi za kuwasaidia watu wenye ulemavu hutumia plagi ya mono ya 3.5 mm, kwa hiyo kwa matundu hayo mawili tu mtumiaji ataweza kutumia vifaa alivyo navyo tayari. Kisanduku kitaunganishwa kwa USB, na kompyuta ikione kama kibodi ya kawaida.

Hatua ya 1: Andika mahitaji kabla ya kufungua tovuti yoyote

Chukua karatasi uhesabu waya. Vitufe vinane ni pini nane. Matundu mawili ni pini mbili. Nobu ina mawimbi mawili ya kuonyesha mwelekeo na swichi yake moja, jumla pini tatu. Taa mbili, pini mbili. Hapo tumefika pini 15 bila kuhesabu USB, umeme na pini za kupakia programu. Ongeza nne au tano za akiba, maana mtumiaji akishakipenda kifaa hakosi kuomba kitufe kingine.

Kisha andika umeme. Kifaa cha USB 2.0 hakiruhusiwi kuvuta zaidi ya miliampea 100 kabla kompyuta haijakikubali. Baada ya hapo kinaweza kufika 500, mradi kimeomba. Ombi hilo huandikwa ndani ya programu ya kifaa kwa hatua za miliampea 2, yaani ukiandika 50 umeomba 100. Kisanduku chetu hakitakaribia kiwango hicho, lakini mwenye kupanga taa za rangi kwenye kila kitufe anapaswa kupiga hesabu hii sasa, si baada ya kununua.

Mwisho andika utalehemu kwa mkono au kwa mashine. Chipu ya umbo la DIP ina miguu iliyoachana 2.54 mm na yeyote anaimudu. SOIC ina 1.27 mm, bado ni rahisi. TSSOP huwa na 0.65 mm, inataka mkono mtulivu na flaksi (dawa ya kulehemu) ya kutosha. QFN haina miguu kabisa, mawasiliano yake yako chini ya tumbo, na bila hewa ya moto ni kazi ngumu. Mstari huu mmoja utakufutia nusu ya chipu utakazoziona, na hilo ni jambo zuri.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kuongea na kompyuta, kisha shusha kiwango chake

Kwa kifaa cha mkono, njia bora ni USB kwa daraja la HID, lile linalobeba kibodi, vipanya na vidhibiti vya michezo. Windows, Linux na macOS zote zina draiva ya HID ndani yake, kwa hiyo mtumiaji wako hatasakinisha chochote. Kwa mtu anayehamahama kati ya kompyuta ya kazini na ya nyumbani, hiyo ndiyo tofauti ya kifaa kinachotumika na kinachokaa kabatini.

Nyaraka unazohitaji ni tatu, na zote zinashushwa bure kwenye tovuti ya USB-IF, shirika linalosimamia USB: kiwango chenyewe cha USB 2.0 kilichotolewa mwaka 2000, maelezo ya daraja la HID toleo 1.11, na majedwali ya matumizi ya HID, yale yanayoitwa HID Usage Tables. Kiwango cha USB 2.0 kina mamia ya kurasa. Usijaribu kukisoma chote. Soma sura ya 9, inayoeleza kifaa kinavyojitambulisha kwa kompyuta, na uitazame sura ya 7 ukifika kwenye umeme na mawimbi.

Majedwali ya matumizi ndiyo yanayonufaisha zaidi, tena ndiyo yanayorukwa zaidi. Humo utakuta kwamba funguo za kibodi ziko kwenye ukurasa wa 0x07, na herufi A ni 0x04. Anayedhani atatuma namba ya herufi ya ASCII, 0x41, atashangaa kuona kompyuta inapokea kitufe kingine kabisa. Kitufe hakibebi herufi, kinabeba mahali pake kwenye kibodi. Mpangilio wa lugha uliowekwa kwenye kompyuta ndio unaoamua herufi itakayotokea.

Ukichagua njia nyingine, kila moja ina hali yake. I2C, njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu na chipu, ina waraka mmoja mzuri na wa bure kutoka kampuni ya NXP, namba yake UM10204. Ndani yake utapata kikomo cha pikofaradi 400 kwenye njia nzima, na namna ya kukokotoa rezista za kuvuta juu (zinazoipandisha laini hadi volti ya juu isipoguswa). SPI, njia nyingine ya chipu kuongea na chipu, haina waraka rasmi unaoiongoza, kwa hiyo kila chipu ina tabia yake na lazima usome datashiti (waraka wa maelezo) ya kila moja kuhusu mwelekeo wa saa na mpangilio wa biti. MIDI, njia ya ala za muziki, ilianza mwaka 1983, huenda kwa biti 31,250 kwa sekunde, na maelezo yake yanapatikana bure kwa waliosimamia kiwango hicho. PCI Express, njia ya kadi za ndani ya kompyuta, ni habari nyingine: viwango vyake viko chini ya PCI-SIG, na vinawekwa kwa ajili ya wanachama. Kwa mradi wa mtu binafsi mimi nisingeanzia huko.

Hatua ya 3: Chuja chipu kwa vigezo, si kwa umaarufu

Wasambazaji wakubwa kama DigiKey, Mouser, Farnell, RS na LCSC wana kichujio cha vigezo kwenye tovuti zao. Hata usiponunua kwao, kichujio hicho ni chombo cha utafiti kisicholipiwa. Ingia kwenye kundi la maikrokontrola (chipu zinazoendesha programu yako), weka alama kwenye "USB", chagua idadi ya pini, chagua aina ya umbo uliloamua katika hatua ya 1, chagua "Active" kwenye hali ya bidhaa, na uondoe vyote visivyo na stoki. Orodha ya maelfu itashuka hadi makumi. Tovuti ya Octopart husaidia kwa njia nyingine: ukishajua namba ya chipu, hukuonyesha nani anayo kati ya wasambazaji wengi kwa mara moja.

Kwa kisanduku chetu zinabaki chipu tatu ambazo ningezipima kwa uzito. ATmega32U4 ina USB ndani yake, inafanya kazi kwa volti 5, ina miguu 44 inayoonekana kwa macho, na kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32. STM32F103 ina kasi na pini nyingi. RP2040 ya Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2021, ina pini 30 za matumizi ya jumla, lakini ni QFN yenye mawasiliano 56 na haina kumbukumbu ya programu ndani, kwa hiyo utaongeza chipu ya flashi pembeni.

Usichanganye maikrokontrola hizi na chipu za daraja (kivuko, si daraja la HID) kama FT232R, CP2102 au CH340. Hizo hugeuza USB kuwa laini ya siriali tu. Ni nzuri kwa kihisi kinachotuma namba kwenye programu yako mwenyewe, lakini kompyuta haitaziona kama kibodi.

Jifunze pia kusoma namba ya chipu, kwa sababu herufi moja ya mwisho inaweza kukuletea kitu kisichoingia kwenye bodi yako. Chukua STM32F103C8T6. C inasema pini 48. Namba 8 inasema kilobaiti 64 za flashi. T ni umbo la LQFP, lile lenye miguu pande zote nne. Namba 6 ya mwisho ni kiwango cha joto, kutoka nyuzi −40 hadi 85. Ufunguo wa kusoma namba hizi uko kurasa za mwisho za datashiti, kwenye sehemu ya taarifa za kuagiza. Anza kusoma datashiti kutoka huko nyuma, utajiokoa na mengi.

Hatua ya 4: Kusanya seti nzima ya nyaraka

Hapa ndipo miradi mingi huharibika kimyakimya. Mtu huandika namba ya chipu kwenye mtambo wa kutafuta, hushusha faili la kwanza, na kuamini ana kila kitu. Chipu ya kisasa haina waraka mmoja, ina familia ya nyaraka, na kila moja hujibu swali lake.

Datashiti inajibu maswali ya umeme na umbo: pini ipi inafanya nini, volti ngapi, joto gani, vipimo vya milimita. Kwa maikrokontrola za STM32, datashiti haikwambii hata kidogo namna ya kuiandikia programu. Hiyo ni kazi ya mwongozo wa rejea, na kwa STM32F103 mwongozo huo unaitwa RM0008. Waraka wa tatu ni orodha ya dosari, yaani mambo ambayo chipu yenyewe inayakosea na mtengenezaji ameyakiri. Katika faili za Kiingereza tafuta neno "errata". Wa nne ni madokezo ya matumizi, yanayoanza na herufi AN kwa watengenezaji wengi. Kwa STM32, AN4879 inaeleza namna ya kuchora laini za USB kwenye bodi, na AN2606 inaeleza namna ya kupakia programu bila kifaa maalumu. Wa tano ni mchoro wa bodi ya majaribio ya mtengenezaji mwenyewe. Huo naupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha mtengenezaji alichokifanya kwa mikono yake, kapasita kwa kapasita.

Nionyeshe kwa nini datashiti pekee haitoshi. Kwenye jedwali la pini la STM32F103, PC13, PC14 na PC15 zinaonekana kama pini za kawaida. Pembeni yake kuna namba ndogo ya tanbihi. Ukishuka chini ya jedwali unasoma kwamba pini hizo tatu hupata umeme kupitia swichi ya ndani inayobeba miliampea 3 tu, zisizidi megahezi 2, na zisitumike kusukuma umeme kwenye taa. Mtu ambaye angeweka taa zake mbili hapo angekuwa amefuata jedwali bila kosa, na bado angekuwa amekiuka masharti ya chipu. Ukiendelea kwenye RM0008 utakuta kwamba USB na CAN (njia ya mawasiliano itumikayo kwenye magari) kwenye chipu hiyo hutumia kumbukumbu moja ya baiti 512, kwa hiyo haziwezi kufanya kazi pamoja. Tena chipu hiyo haina rezista ya ndani ya kuvuta juu kwenye D+, moja ya laini mbili za data za USB, hivyo ile ya kiloomu 1.5 inayoitambulisha kama kifaa cha kasi kamili lazima uiweke wewe.

Orodha ya dosari nayo si ya kuogopwa. Kila chipu ina dosari. Tofauti ni mtengenezaji anayezisema na asiyezisema. RP2040 za toleo la B0 na B1 zilikuwa na dosari iliyopewa namba E5: kwenye njia ya USB yenye shughuli nyingi, kifaa kingeweza kushindwa kutoka katika hali ya kuanza upya. Toleo la B2 liliirekebisha. Matoleo ya kwanza ya ndugu yake RP2350 yalikuwa na dosari namba E9, ambapo pini ikiwa katika hali ya kupokea ilivujisha umeme kiasi kwamba rezista ya ndani ya kuvuta chini haikutosha kuishusha hadi sifuri. Kwa matoleo hayo, dawa ni rezista ya nje ya kiloomu 8.2 au ndogo zaidi. Kwa kisanduku cha vitufe, habari hiyo ni ya msingi kabisa. Ukipanga vitufe vyako vivutwe juu, vikibonyezwa viunganike na chini (ground, yaani volti sifuri), hilo halikugusi.

Waraka ukiupata, uhifadhi kwenye folda ya mradi ukiwa na namba ya toleo na tarehe katika jina la faili. Nyaraka hubadilika, na siku moja utahitaji kujua ulisoma toleo lipi ulipochora bodi.

Hatua ya 5: Soma datashiti kama mkataba

Kuna jedwali la kikomo cha juu kabisa na jedwali la hali zinazopendekezwa. Watu huyachanganya. La kwanza linataja mahali chipu inapoanza kuumia, si mahali inapofanya kazi. Bodi yako iishi ndani ya jedwali la pili muda wote. Vilevile, kwenye safu tatu za kiwango cha chini, cha kawaida na cha juu, ile ya katikati ni habari tu. Sanifu kwa zile za pembeni.

Mfano unaojirudia kila mahali ni kuunganisha chipu ya volti 3.3 na saketi ya volti 5. Tuseme unataka kutumia chipu ya mantiki ya 74HC iliyopewa volti 5. Familia ya HC hutambua "moja" kuanzia asilimia 70 ya volti yake, yaani 3.5. Maikrokontrola yako inatoa 3.3 ikiwa katika hali nzuri. Mezani itafanya kazi, kwa sababu chipu halisi huwa na huruma kuliko karatasi yake, kisha siku ya joto au kwa chipu ya mzigo mwingine itaanza kuruka vitufe. Ongeza herufi moja: 74HCT hutambua "moja" kuanzia volti 2.0. Miguu ni ileile na mpangilio ni uleule, lakini tatizo limekwisha. Uelekeo wa pili pia uangalie: pini za RP2040 hazivumilii volti 5, wakati STM32F103 ina alama ya FT kwenye jedwali kwa zile zinazovumilia.

Kristali, inayoipa chipu saa yake, nayo ina hesabu yake. Datashiti ya kristali hutaja mzigo wa kapasita inaoutaka, tuseme pikofaradi 18. Kapasita mbili unazoweka hazijumlishwi, zinagawana, kisha unaongeza kile kinachotokana na njia za bodi, kama pikofaradi 5. Kwa hiyo toa 5 kwenye 18, kisha zidisha mara mbili: kila moja ni 26, na unachukua 27 iliyo karibu. Wanaonakili 22 kutoka mchoro wowote wanaouona wananakili kristali ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Waraka umepotea? Fuata ukoo wa kampuni

Ukifufua kifaa cha zamani au ukikuta chipu yenye nembo usiyoijua, kumbuka kwamba kampuni hununuliwa na nyaraka huhama nazo. National Semiconductor ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Freescale, iliyotoka ndani ya Motorola, iliingia NXP mwaka 2015, na NXP yenyewe ilikuwa kitengo cha Philips hadi 2006. Atmel iko Microchip tangu 2016. Fairchild ilikwenda ON Semiconductor mwaka huohuo. Linear Technology na baadaye Maxim, mwaka 2017 na 2021, zimeingia Analog Devices. Cypress iko Infineon tangu 2020. Kwa hiyo mwenye kutafuta datashiti ya 16550, chipu ya siriali ya National yenye foleni ya baiti 16, asihangaike na tovuti ya National. Aiulizie kwa Texas Instruments.

Kama mrithi naye ameiondoa, jaribu Bitsavers, hifadhi kubwa ya miongozo na vitabu vya datashiti vilivyopigwa skani, kisha Internet Archive. Ukiwa na anwani ya zamani ya ukurasa uliokufa, ibandike kwenye Wayback Machine. Mara nyingi faili bado liko humo. Tovuti zinazokusanya datashiti za kila aina zitumie kama suluhisho la mwisho, na hakikisha faili lina nembo na namba ya toleo la mtengenezaji, kwa sababu humo chipu mbili zenye majina yanayokaribiana huchanganywa kirahisi.

Chipu zenyewe zilizoacha kutengenezwa, Rochester Electronics huziuza kwa idhini ya watengenezaji. Kwa mradi mpya lakini, kuanza na chipu iliyokwisha muda ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 7: Kama nyaraka hazijawahi kuwepo

Wakati mwingine unataka kifaa chako kiige kingine ambacho mtengenezaji wake hakutoa nyaraka. Bado kuna njia. Kwenye Linux, kichomeke uandike lsusb -v, na kifaa kitajieleza chenyewe: namba zake, miliampea zake, idadi ya njia zake. Wireshark hunasa mazungumzo yake na kompyuta, kwa usbmon upande wa Linux na USBPcap upande wa Windows. Bonyeza kitufe kimoja, tazama baiti ipi imebadilika, andika. Rudia na kingine.

Chanzo cha Linux nacho ni maktaba ya nyaraka ambayo wengi hawaihesabu hivyo. Folda ya drivers/hid ina draiva za vifaa vingi ambavyo havijawahi kupata mwongozo wa umma, na maoni ya waandishi ndani ya msimbo hueleza kasoro zinazojulikana. Kwa vifaa vyenye redio vinavyouzwa Marekani, namba ya FCC iliyo mgongoni hukufikisha kwenye rekodi za umma ambazo mara nyingi zina picha za ndani, na picha nzuri hukuonyesha majina ya chipu.

Hatua ya 8: Vijenzi vidogo vinastahili uangalifu uleule

Konekta na swichi ndizo zinazoguswa na mtumiaji, na ndizo zinazokufa kwanza. Kwenye datashiti ya swichi tafuta mambo matatu: nguvu ya kubonyeza, idadi ya mibonyezo inayodumu, na umbali kitufe kinaposafiri. Kwa mtu asiye na nguvu vidoleni, namba ya kwanza ndiyo inayoamua kama kifaa kitatumika. Kwenye nobu, angalia inatoa mapigo mangapi kwa mzunguko na ina vituo vingapi vya kusikika. Zikiwa sawa, kila mguso ni hatua moja. Zikitofautiana, programu yako lazima ijue.

Tundu la USB-C lina mtego wake. Kifaa cha kawaida cha USB 2.0 kinahitaji rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kwenye pini ya CC1 na nyingine kwenye CC2 (pini za tundu zinazotambulisha kifaa), kila moja ikienda chini peke yake. Wabunifu wanaounganisha pini hizo mbili kwenye rezista moja huona kifaa kikifanya kazi kwa kebo moja na kukataa kwa nyingine. Raspberry Pi 4 ya kwanza, mwaka 2019, ilitoka na kosa hilihili na kugoma kwa kebo zenye chipu ndani. Kosa la rezista moja!

Michoro ya miguu ya kuwekea vijenzi kwenye bodi unaweza kuipata ndani ya KiCad (programu ya kuchora bodi), kwa mtengenezaji, au kwa wanaozigawa bure kama SnapMagic na Ultra Librarian. Usiamini yoyote kabla ya kuilinganisha na vipimo vya datashiti. Kisha chapisha bodi nzima kwenye karatasi kwa kipimo halisi, weka konekta na swichi juu yake, utazame kama miguu inakaa. Njia hii ya karatasi hunasa makosa ambayo skrini huyaficha, hasa konekta iliyochorwa ikitazamwa kutoka chini.

Hatua ya 9: Nunua kwa mpango

Kabla ya kulipa, soma hali ya bidhaa. "NRND" maana yake mtengenezaji hashauri kuitumia kwenye miundo mipya. "Last Time Buy" ni mwito wa mwisho. Kwa kila kijenzi cha lazima andika mbadala mmoja unaoingia kwenye miguu ileile. Kwa rezista na kapasita ni rahisi, kwa maikrokontrola mara nyingi haupo, na ndiyo sababu hiyo uinunue kwanza.

Chipu bandia ni tatizo la kweli, na huwaumiza wasio na hatia. Mwaka 2014 draiva ya FTDI, watengenezaji wa FT232R, kwenye Windows iliziandika upya nakala bandia za chipu zao, namba ya bidhaa ikawa sifuri, na vifaa vya watu waliovinunua kwa nia njema vikaacha kutambulika. Kwa hiyo nunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa. Tovuti ya mtengenezaji huwataja. Ukilazimika kununua sokoni, pima. STM32F103 halisi ikiulizwa kupitia laini ya SWD (ya kupakia na kukagua programu) hujibu 0x1BA01477, na nakala moja iliyosambaa sana hujibu 0x2BA01477. Jibu sahihi si ushahidi kamili, maana zipo nakala nyingine zinazojibu sawasawa na halisi, lakini jibu baya linatosha kuirudisha.

Nunua kwanza vijenzi vya bodi mbili au tatu pamoja na bodi moja ya majaribio ya mtengenezaji. Andika programu kwenye bodi ya majaribio wakati yako inatengenezwa. Maktaba ya TinyUSB inafanya kazi kwenye RP2040 na STM32, na LUFA kwenye ATmega32U4. Mifano yao ya HID ni sehemu nzuri ya kuanzia.

Hatua ya 10: Namba za utambulisho na folda ya mwisho

Kila kifaa cha USB kinabeba namba mbili za biti 16: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Usikope namba za kibodi iliyo mezani kwako, kwa sababu kompyuta inaweza kukipakia kifaa chako mipangilio isiyo yake. Namba ya mtengenezaji hulipiwa kwa USB-IF, lakini mradi wenye leseni huria unaweza kuomba namba ya bidhaa bure kupitia pid.codes chini ya 0x1209. Watengenezaji kadhaa wa chipu nao hugawa namba chini ya jina lao; Raspberry Pi hufanya hivyo chini ya 0x2E8A kwa bidhaa zinazotumia chipu zao.

Bodi ikifika, pima volti kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta unayoijali, kisha angalia lsusb kama namba zako zinaonekana na miliampea ulizoomba ndizo zinazosomwa. Folda utakayomkabidhi mtumiaji, au fundi atakayekuja baada yako, iwe na mchoro wa saketi, faili za bodi, programu, orodha ya vijenzi yenye namba kamili hadi herufi ya mwisho, mbadala wa kila kimoja, na zile PDF zote ulizoshusha. Weka na swichi tatu za akiba kwenye mfuko mdogo ndani ya kisanduku chenyewe, na namba yake iandikwe kwenye mfuko.